Nafasi Moja na Betri Iliyovimba

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana umeme ulikuwa umeshafika Tukuyu na umeshazoea kukatika, palikuwa na watu watatu waliopenda gemu za kuruka. Mnazijua gemu hizo. Kimtu kidogo kinakimbia, kinaruka shimo, kinaruka miiba, kinadandia ubao unaosogea, mpaka kifike kwenye bendera. Kikikosea kidogo tu kinakufa, kinaanza upya.

Wa kwanza aliitwa Ambakisye, kijana mwenye maneno. Wa pili Atupele, dada yake mdogo, mwenye vidole vyepesi. Wa tatu Lusajo, rafiki yao wa nyumba ya jirani, mwenye bisibisi mfukoni.

Ambakisye na Lusajo hawakuisha kubishana. Lusajo alisema gemu ya kuruka ni ya runinga kubwa, na pedi nzito ya vitufe mkononi. "Shimo ulione toka mbali, bwana. Kwenye kioo kidogo unaruka kama kipofu."

"Hapana," Ambakisye alijibu. "Ni ya kushika mkononi. Jicho na kidole gumba viwe majirani. Ukibonyeza, kimtu kiruke papo hapo, si mpaka runinga ifikiri kwanza."

Tena Ambakisye alikuwa hivi: mpe gemu asiyoijua, aicheze kidogo, atakwambia hii wameiharibu, kimtu kinatua kama gunia la viazi, ile ni nzuri, ukifa unajua umekufa kwa kosa lako mwenyewe. Atupele hakuwa na maneno hayo. Ukimwuliza amewezaje kuvuka mahali fulani, alisema, "Sijui. Nimeruka tu."

Wote watatu walikuwa na gemu moja ya mkononi, kuukuu, ambayo Ambakisye aliinunua baada ya kuchuma chai kwenye mashamba ya watu msimu mzima.

Siku moja likaja tangazo la mashindano mjini Mbeya. Kila mji utume kikundi. Kikundi kichague mchezaji mmoja, naye acheze kwa gemu yake ya mkononi. Kikundi kitakachoshinda kitapata nafasi moja ya kazi Dar es Salaam, kwa watu wanaotengeneza gemu: kuzijaribu kabla hazijauzwa na kusema zina kasoro gani. Nafasi ni moja, na kikundi chenyewe ndicho kitakachomtaja wa kwenda.

"Atacheza Atupele," alisema Ambakisye. "Mimi najua kusema. Yeye anajua kuruka."

Lakini nani angekwenda Dar? Hilo hawakuliuliza. Waliliogopa.

Mashindano yakikaribia, betri ikafa. Lusajo akawazungukia mafundi wote wa Tukuyu, akaikosa ya aina ile. Akapata ya gemu nyingine, nene kidogo. Akachonga plastiki kwa ndani, akaibana ikaingia kwa shida. Gemu ikawaka, wenzake wakamkumbatia. Lusajo alijua betri ile haikuwa mahali pake. Akanyamaza, maana akisema, safari ya Mbeya imekufa.

Atupele akafanya mazoezi. Ambakisye akaipangusa gemu siku moja, akaona mgongo wake umeinuka kama mkate unaoumuka. Akaubonyeza. Ukainuka tena. Akaubana kwa selotepu, akamwambia dada yake, "Nimeziba ufa tu." Naye akanyamaza, maana akisema, dada yake atakata tamaa.

Na Atupele? Viganja vyake vilimwambia. Gemu ilipata moto kama kikombe cha chai. Aliiweka chini, akapuliza mikono, akaichukua tena. Akanyamaza pia, maana akisema, watamnyang'anya.

Basi kila mmoja alijua kipande chake cha hatari, na kila mmoja alikikalia.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa. Atupele akawashinda hawa, akawashinda wale, wakabaki wawili: yeye na kijana wa Kyela. Atakayegusa bendera kwanza ndiye mshindi. Watu wote waliangalia vioo. Ambakisye aliangalia selotepu. Lusajo aliangalia mlango uko wapi.

Wakacheza. Kijana wa Kyela alikuwa mbele, Atupele akamfikia. Likabaki shimo moja, na ng'ambo yake bendera. Hapo selotepu ikabanduka, moshi ukatoka.

"Itupe!" Lusajo akapiga kelele. "Atu, itupe!"

Atupele alimsikia vizuri kabisa. Akabonyeza kitufe. Kimtu kikaruka.

Kikiwa bado hewani, Ambakisye naye akaruka. Akaipokonya gemu kwa mkono wa kulia, akakimbilia mlangoni. Moto ukalipuka kiganjani mwake. Hakuiachia mpaka alipofika nje, akaitupa majanini.

Mwamuzi, dada mmoja aitwaye Salha, alikuwa amesimama nyuma ya Atupele. Akasema mbele ya wote, "Nimeona kwa macho yangu. Wakati kaka anaipokonya, kimtu kilikuwa kimetua kwenye bendera. Tukuyu wameshinda."

Ambakisye akapelekwa hospitali. Daktari akasema mkono utapona, lakini kidole gumba hakitakunjika tena kama zamani. Atupele hakuwa na jeraha hata moja. Salha akaja kuwapa pole, akasema, "Nitapiga simu kesho asubuhi. Nitajieni jina moja. Msipokubaliana, nafasi inakwenda Kyela."

Asubuhi wakakaa kwenye benchi la hospitali pamoja na Mama, mzazi wa Ambakisye na Atupele. Simu ilikuwa mapajani mwake. Usiku ule kila mmoja alikuwa ameshakiri kipande alichokikalia.

Atupele akaanza. "Nimeruka mimi. Kaka, nakupenda, lakini bendera niliigusa mimi. Na mngeniambia betri imevimba, ningeamua mwenyewe kucheza au kuacha. Mliamua kwa niaba yangu."

"Uliambiwa uitupe, hukuitupa," Ambakisye akajibu. "Mkono huu ungekuwa wako. Na kazi yenyewe, Atu, si kuruka. Ni kusema kasoro iko wapi. Wewe utawaambia nini? Sijui, nimeruka tu?"

"Nitajifunza kusema. Wewe utajifunza kuruka bila kidole?"

Ambakisye akageuza uso. Mama akasema, "Atupele, mwanangu, taratibu."

Lusajo alikuwa ameinama. "Betri niliiweka mimi, sikatai. Lakini bila betri ile tusingefika hata Uyole, sembuse Mbeya mjini. Na nyinyi mliiona imevimba, mkaisikia ina moto, hakuna aliyenirudishia niitazame. Ningeitoa. Wallahi ningeitoa. Kule Dar wanahitaji mtu anayejua gemu inavyokaa ndani ya mashine, na mashine inavyochoka."

"Ungeitoa?" Ambakisye akamwuliza. "Kweli, Lusajo? Wakati ulijua toka siku ya kwanza?"

Lusajo akatoa bisibisi mfukoni, akaigeuzageuza.

"Mama, sema wewe," Atupele akaomba.

"Niseme nini? Mmoja mkono wake umeungua, mmoja ndiye aliyeshinda, na huyu wa jirani amekula kwangu tangu mdogo. Nikimtaja mmoja, wawili nitawaangalia kwa macho gani?"

Simu ikalia. Ilikuwa namba ya Salha. Wote wanne wakaitazama ikitetemeka juu ya kanga, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mkinisikiliza, ipokeeni nyinyi kabla haijakatika. Aliyeruka, aliyeungua, au aliyeiwasha ilipokufa: je, mngelitaja jina la nani?