Lango la Kiboko na Neno Lake la Siri

"Nilete hadithi?"
"Ilete!"
"Ina uongo ndani yake."
"Ilete na uongo wake!"
"Niitie chumvi?"
"Mpaka imwagike!"

Haya, sogeeni basi. Na wewe huko nyuma, acha kumfinya mwenzako, utakosa utamu.

Hapo kale palikuwa na Pimbi. Mnamjua Pimbi? Yule mnyama wa majabalini, hana mkia, hana pembe, ana maneno tu. Pimbi huyu aliishi juu ya jabali na bibi yake, aliyemlea tangu akiwa mchanga. Bibi alikuwa hatembei tena. Kila asubuhi Pimbi anashuka bwawani, anajaza kibuyu chake, anapanda nacho. Bibi anampokea kwa utani wao: "Mume wangu, leo umechelewa, nilikuwa nishaanza kutafuta mwingine!" Kisha anakunywa, kisha anamwimbia. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao, na yaliwatosha.

Ukaja ukame. Visima vikakauka, mito ikakauka, likabaki bwawa moja tu, bwawa la Kiboko. Na Kiboko, wanangu, ana tumbo kubwa, lakini tamaa yake imelizidi tumbo. Akasema, "Ati watu wanakunywa bure?" Akalizungushia bwawa boma la magogo. Akajenga lango. Na lango lenyewe, jamani! Lina nakshi, lina shanga, lina maua. Juu yake akamweka Kasuku, akamfundisha ya kusema. Anayetaka maji aache kwanza fungu la majani mabichi, kisha ajibu maswali, kisha aseme neno lake la siri. Tena si neno hivi hivi. Lazima liwe na ngurumo moja, chafya moja na mruko mmoja.

Akaja Twiga. Akaweka majani yake.

"Jina?" akauliza Kasuku.
"Twiga."
"Jina la babu?"
"Twiga."
"Ulizaliwa masika au vuli?"
"Masika."
"Neno la siri!"

Twiga na kunguruma wapi na wapi? Alijaribu, ikatoka pumzi tu, fyuuu.

"Samahani, kuna kosa," akasema Kasuku. "Rudi mwanzo!"
"Kosa gani?"
"Samahani, kuna kosa. Rudi mwanzo!"

Na majani yake? Yameshakwenda hayo.

Akaja Swala, chafya ikaitangulia ngurumo. Chya! Ngrrr! "Samahani, kuna kosa. Rudi mwanzo!" Akaja Kobe. Huyu alijitahidi kweli. Akanguruma, ngrrr. Akapiga chafya, chya. Sasa yuko katika kujikusanya ili aruke, Kasuku huyo: "Muda umekwisha. Rudi mwanzo!" Kobe akalia palepale, maskini.

Kiboko alikuwa ndani, anachungulia kwenye ufa wa boma. Akaiona foleni inapinda mpaka vichakani. Akaona majani yanavyorundikana. Akafurahi mpaka masikio yakamtikisika. "Tazama wanavyolipenda lango langu! Wengine wanarudi hata mara tatu kwa siku!" Yeye mwenyewe langoni hapiti ng'o. Ana kinjia chake cha matope kule nyuma, na ole wake mwingine atakayekutwa humo.

Pimbi naye alijaribu. Ngurumo ya Pimbi ni kama mlango unaolia, ngiii. Akarudi na kibuyu kitupu. Kesho yake vilevile. Ikawa alfajiri anakusanya umande juu ya mawe, tone kwa tone, anambebea Bibi kwenye jani. Umande unamtosha nani? Nyimbo zikaisha. Sauti ikaisha. Asubuhi moja Pimbi akapanda na jani lake, Bibi hakumwita mume wala hakumwita nani. Alifumbua macho tu, akayafumba. Pimbi akalia, akamshika mkono, akalia tena.

Ndipo Bibi akanong'ona, "Huyo Kiboko... mwenyewe anapitaje?"

"Anapita nyuma, Bibi. Langoni hapiti."

"Aa," akasema Bibi, akalala.

Machozi ya Pimbi yakakauka hapohapo. Magogo yale Tembo angeweza kuyang'oa, lakini Tembo alishahama kitambo. Amebaki mmoja tu mwenye nguvu hizo, ndiye aliyeyasimika. Pimbi akashuka mbio mpaka kwenye ufa wa boma.

"Shikamoo, mzee Kiboko!"
"Marahaba. Sema upesi, nina kazi."
"Hongera kwa lango, mzee. Ila nimepita kule nyuma, nikaona kinjia cha matope. Hakina Kasuku, hakina maswali. Nikasema, lo, wale wa kwenye foleni wakikijua!"

Usingizi ukamruka Kiboko. Akakokota magogo, akakiziba kinjia, gdu! gdu!

"Na wewe utapita wapi, mzee?"
"Langoni! Kwani lango si langu?"
"Ni lako, mzee," akasema Pimbi.

Kesho yake alfajiri Kiboko akatoka kwenda malishoni. Kwa ndani lango lilifunguka kwa kusukuma mara moja, likajifunga nyuma yake, kwap! Akala, akala, jua likapanda. Na ngozi ya Kiboko na jua, havipatani kabisa. Akarudi mbio, gdu gdu gdu, akaikata foleni yote.

"Fungua!"
"Majani kwanza," akasema Kasuku.
"Nimeshayala!"
"Samahani, kuna kosa. Rudi mwanzo!"

Akaenda kuchuma, akaleta.

"Jina?"
"Kiboko, mwenye bwawa!"
"Jina la babu?"
"Kiboko!"
"Ulizaliwa masika au vuli?"
"Masika, we ndege!"
"Neno la siri!"

Ngurumo anayo. NGRRRAA! Chafya anayo. CHYAAA! Sasa aruke. Kiboko aruke! Akainua bega hili, akainua bega lile, miguu iko chini vilevile.

"Samahani, kuna kosa. Rudi mwanzo!"
"Kasuku, ni mimi niliyekufundisha!"
"Samahani, kuna kosa. Rudi mwanzo!"

Ngozi ikaanza kupasuka. Kiboko akakaa chini mavumbini, akalia kwa sauti, mwili wote ule. Pimbi akapanda kwenye jiwe, karibu na sikio lake. Alikuja acheke, lakini kicheko hakikutoka. Alimwonea huruma.

"Pole, mzee."
"Pimbi mwanangu, nakufa."
"Basi livunje."
"Nilivunje? Nakshi zote hizi? Shanga hizi?"
"Mzee, shanga hazinyweki."

Kiboko akatazama lango. Akachungulia, akayaona maji yanavyong'aa upande wa pili. Akarudi nyuma. Gdu, gdu, gdu, gdu, PWAAA! Lango chini, boma chini, Kasuku juu angani: "Kuna kosa! Kuna kosa!" Kiboko akatumbukia majini, chubwiii!

Wote wakaingia, wakanywa mpaka wakapumua. Kiboko akatoa macho juu ya maji. "Mbona hamkuniambia?"

"Tulikwambia kila siku," akasema Twiga. "Tulimwambia Kasuku."

Kiboko akalitazama lango lililovunjika. Kisha akasema taratibu, "Mimi nilidhani mnanipenda."

"Tulikuwa na kiu, mzee," akasema Pimbi. Akajaza kibuyu chake, akaondoka.

Alipanda jabali bila kumwaga hata tone. Akamlowesha Bibi midomo, kidogo. Akangoja. Kidogo tena. Koo likacheza. Bibi akafumbua macho, akamtazama sana.

"Mume wangu," akasema, "leo umechelewa."

Pimbi akacheka na kulia kwa pamoja.

Na funzo? Funzo ni hili: ukijenga lango, usithubutu kulipita mwenyewe, utaumbuka bure. Na watu wakilalamika, waongezee Kasuku wa pili. Mnacheka nini? Si ndivyo nilivyosimulia?

Haya, hadithi imefika kwake, nami naenda kwangu. Anayeitaka aichukue. Haina lango.