Kioo Kilichokosa Namba

Mimi nawapeni kisa, nanyi mnipe hukumu. Mwenye haraka aende zake.

Palikuwa na ndugu watatu mafundi, wote wanawake. Hidaya alijua taa. Tunu alijua kukata na kupanga vioo. Riziki alijua umeme, na maswali hakuyapenda.

Siku hiyo waliitwa hospitali kwa ajili ya Mwanahawa. Binti yake, kilo moja na kitu, alizaliwa kabla ya siku zake, na kioo cha mashine ya kumtia joto kilikuwa kimekufa. Bila namba za joto muuguzi hakujua kama mtoto ataungua au ataganda, basi akamtoa, akamlaza kifuani kwa mama yake. Mwanahawa alihisi vile vinyayo vinazidi kupoa. Hofu ikamshika, akaapa mbele ya mama mkwe wake: "Atakayeniletea namba kwenye kioo hicho, mwanangu nitampa jina lake."

Hidaya akafungua mashine. Taa ya nyuma ya kioo ilikuwa imeungua. Akachomoa taa ndogo kwenye simu mbovu, akailehemu. Kioo kikang'aa, lakini kitupu.

Tunu akaona karatasi ya juu ya kioo, ile inayopitisha mwanga wa mlalo mmoja tu, imechanika. Akakata nyingine kwenye kikokotoo cha zamani, akaibandika. Kioo kikawa cheusi tititi.

"Mmekiua!" Mwanahawa alilia.

"Tulia, dada." Tunu akaigeuza robo mzunguko, mwanga ukarudi. "Ndani mna majimaji ya fuwele yamejisokota, yanausokota na mwanga. Kwa hiyo karatasi ya juu na ya chini lazima zipishane kama njia panda."

Namba bado. Hidaya akataka kuunga betri moja kwa moja, Riziki akampiga kikofi mkononi.

"Wewe vipi! Umeme wa upande mmoja utayaharibu majimaji haya. Yanataka unaogeukageuka."

Akasafisha kipande cha mpira kinachopeleka umeme kwenye kioo, akakikaza. Palipopata umeme fuwele zikajinyoosha, zikaacha kuusokota mwanga, na karatasi ya juu ikauzuia. Weusi ukajichora: tatu na nne, yaani joto la thelathini na nne. Muuguzi akamrudisha mtoto kwenye joto.

Siku ya saba, siku ya kupewa jina, mtoto yu mzima, nywele zimekwisha nyolewa.

"Bila mwanga mngeona nini?" alisema Hidaya.

"Mwanga wako mtupu ule?" Tunu akamcheka. "Karatasi yangu ndiyo iliyoupa kazi."

"Na bila umeme wangu," alisema Riziki, "kioo kingebaki cheupe mpaka leo."

Mwanahawa akaomba ampe mtoto majina yote matatu. Mama mkwe akatikisa kichwa. "Uliapa jina moja, mwanangu, nami shahidi."

Mwanahawa anawapenda wote sawasawa, na hilo ndilo linalomtesa. Shehe ameshainamia sikio la mtoto, anasubiri.

Haya, nyie mlionisikiliza: ungekuwa wewe ndiye mama, ungemtajia jina la nani?