Mtu Aliyewapunguzia Samaki Mwanga

Mtu ninayetaka kuwasimulia habari zake hakuwa mtu mbaya. Aliitwa Eliamani, mzee wa kanisa katika mji wa Same, na watu walimheshimu kwa sababu hakujua kusema uongo. Kama mahindi yako yalikuwa na wadudu, alikuambia hapohapo mbele ya mnunuzi. Kama mahubiri yalikuwa marefu mno, alimwambia mchungaji mlangoni, watu wakisikia. Mwenyewe aliita hivyo kutembea nuruni.

Sebuleni kwake alikuwa na tangi la kioo lenye samaki wadogo wa mapambo, na aliwapenda. Alitaka waonekane vizuri, basi akanunua vipande vya taa za LED, akavibandika kwa mikono yake kwenye ukanda wa bati na kuuweka juu ya tangi. Alipowasha, sebule nzima iling'aa. Samaki wote wakakimbilia nyuma ya mawe. Alidhani watazoea, lakini hawakuzoea. Walikula kwa kuviziavizia, rangi zao zikafifia, na kioo kikaota utando wa kijani kwa wingi wa mwanga. Mgeni akija, Eliamani alimwonyesha maji yanayong'aa yasiyo na kitu ndani.

Akawaonea huruma. Alitafuta namna ya kupunguza mwanga bila kuuzima. Kwanza alichukua swichi ya ukutani, ile ya kuzungusha, ya kupunguzia mwanga wa balbu za kawaida, akaifunga kwenye waya unaotoka kwenye soketi, kabla ya adapta ya taa zake. Taa zilipepesa, adapta ikaunguruma na kupata moto, kisha ikafa. Akachomoa waya, akaenda kuuliza dukani. Akaelezwa kwamba taa za namna ile zina swichi yake ndogo, nayo hufungwa baada ya adapta, pale umeme ulipokwisha kuwa mdogo. Akanunua swichi hiyo na adapta mpya. Jumamosi nzima alikaa sakafuni. Aliunganisha waya mwekundu na mwekundu, mweusi na mweusi, akaviringisha solotepu kwenye kila kiungo ili maji yasije yakafika, akaifungia ile swichi ndani ya kijisanduku cha plastiki, mbali na unyevu.

Hakuwasha kwa nguvu. Alizungusha kidogo tu, hata maji yakawa na mwanga wa alfajiri, kisha akaketi kwenye kigoda na kungoja. Hakugonga kioo wala hakuondoa mawe. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Halafu samaki mmoja akachungulia, akarudi, akachungulia tena. Kabla ya chakula cha jioni walikuwa wote nje, wakiogelea. Kila siku alikuwa akiongeza mwanga kidogo sana, na wakionyesha woga, anaupunguza. Mkewe, Nakijwa, alikuwa akimtazama akiwa pale kwenye kigoda, akastaajabu kwamba mume wake anaweza kuwa mpole hivyo.

Katika nyumba hiyohiyo alikaa mdogo wake Eliamani, jina lake Sifaeli. Sifaeli alikuwa mlevi kwa miaka mingi ya ujana wake. Alikuwa ameacha pombe, akapata kazi kwa fundi seremala mmoja karibu na stendi, na kaka yake akampa chumba cha uani. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mwanzoni alikuwa akila na kuondoka. Baadaye akaanza kubaki sebuleni baada ya chakula, kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Siku moja Nakijwa alimsikia akicheka, naye akaenda jikoni kucheka peke yake, kwa furaha.

Jumapili moja watu wa jumuiya walikuja kusali nyumbani kwa Eliamani. Baada ya sala walisogelea tangi na kusifu, naye akawaeleza kwa urefu jinsi alivyofunga swichi, na jinsi samaki wanavyohitaji kupewa mwanga kwa kadiri wanavyoweza kuubeba. Wakati huo Sifaeli akaingia na sinia la chai. Mgeni mmoja, mama ambaye hakuwa akimfahamu, aliuliza kijana huyu ni nani.

Eliamani angeweza kusema ni mdogo wangu, ikaisha. Lakini alitaka watu wamtukuze Mungu. Akaanza kutoa ushuhuda. Akaeleza jinsi Sifaeli alivyokuwa akiokotwa mtaroni. Akaeleza jinsi alivyouza blanketi la mama yao aliyekuwa mgonjwa, mama akalala na baridi hadi majirani walipoleta shuka. Akaeleza maneno ambayo Sifaeli alimwambia mama yao siku zake za mwisho, maneno ambayo ni watatu tu waliokuwa wameyasikia, na mmoja wao amekwisha kufa. Hakuongeza neno. Kila kitu kilikuwa kama kilivyotokea. Na alisema kwa sauti ile aliyosomea maandiko.

Sifaeli alisimama na sinia lake katikati ya sebule. Hakuwa na mahali pa kuliweka, kwa maana meza ilikuwa upande wa pili wa wageni. Watu walitazama vikombe. Kaka yake alipomaliza na kusema Bwana asifiwe, walioitikia walikuwa wachache, tena kwa sauti ya chini. Ndipo Sifaeli akamwambia, bila hasira:

“Kaka, yote uliyosema ni kweli. Ndiyo maana sina pa kukaa.”

Akaliweka sinia sakafuni kwa uangalifu, bila kumwaga tone, akatoka. Wageni walikunywa chai harakaharaka na kila mmoja akakumbuka shughuli nyumbani. Sifaeli alichukua nguo zake chumbani na kwenda kukaa kwa mwenzake wa kazini.

Eliamani akabaki na mkewe. Akaanza kujitetea. Alisema hakumsingizia mtu, alisema amempa chumba na chakula, alisema anayetaka kupona hana budi kukubali alivyokuwa. Nakijwa alikuwa akikusanya vikombe. Hakubishana naye. Alielekeza kidevu upande wa tangi, akasema tu:

“Hao uliwangoja watoke wenyewe.”

Eliamani akaligeukia tangi. Uso ukamwaka. Aliona aibu, na haikuwa ile aibu ya kuonwa na watu, maana wageni wengi wangemsifu bado kwa ukweli wake. Ilikuwa aibu ya mtu anayejikuta anajua kabisa jambo analodai hakulijua. Hangeweza kusema kwamba hakuelewa upole. Alikuwa ameusomea kwa bisibisi, akaununua, akauharibu na kuununua tena, akakaa sakafuni siku nzima kwa ajili yake. Aliukosa kwa mtoto wa mama yake tu.

Wiki iliyofuata alisimama mbele ya watu wale wale kuomba radhi. Akaanza vizuri. Kisha, ili waelewe ukubwa wa kosa lake, akajikuta anasema, “Mnakumbuka niliwaambia habari za lile blanketi.” Aliona kwamba hata toba yake ilikuwa inamvua nguo ndugu yake mara ya pili. Akakaa chini bila kumaliza sentensi, na watu wakaimba wimbo kuziba ule ukimya.

Basi akaenda mchana mmoja kwenye karakana ya seremala. Palikuwa na wateja na mafundi. Zamani angeita kwa sauti kutoka barabarani. Safari hii aliketi juu ya gogo penye maranda ya mbao, akamngoja. Sifaeli alimwona. Akaendelea kupiga randa ubao wake, akaugeuza, akapiga upande wa pili, akaupangusa. Wateja walipoondoka akaja, akaketi, si karibu sana. Eliamani alikuwa ameandaa maneno mengi, na sasa yote aliyaona kuwa makali. Akasema amekosa. Akasema hilo tu. Halafu akauliza ubao ule ni wa nini, akajibiwa ni wa mlango.

Hakumwomba arudi, ingawa ndilo lililomleta. Na Sifaeli hakurudi. Alipanga chumba chake karibu na kazini. Siku mojamoja huja kula kwa kaka yake, na akimaliza humshukuru shemeji yake na kuondoka mapema. Kukaa sebuleni baada ya chakula hajakaa tena, na Eliamani hajawahi kumuuliza kwa nini.

Ninyi mnaopenda kusema kweli, nami sisemi muiache, nawauliza jambo moja na kila mmoja ajijibu mwenyewe: nyumbani kwako, ni nani ambaye akisikia hatua zako mlangoni huinuka taratibu na kwenda chumba kingine?