Matanga ya Kotmiri na Mrehani

Hapo zamani za kale, watoto wangu, siku zile wanyama walipokuwa na majiko, na mikeka, na majirani wasiopiga hodi, aliishi mama mmoja aliyeitwa Bi Digidigi. Mnamjua digidigi? Miguu kama njiti, pua ndefu, macho makubwa. Ukipiga chafya tu, yeye keshafika kilimani.

Nyuma ya nyumba yake alikuwa na kibustani cha majani ya kutilia ladha chakula: kotmiri, mrehani na nanaa. Masika yote kibustani kilinukia mpaka njiani. Lakini Bi Digidigi hakuwa na raha nacho, na sababu nawaambieni sasa hivi.

Kila kiangazi kilipokaribia, Bwana Kiboko na Bwana Nyati walikuja kukimaliza. Waliingia, puu! puu!, wakala hadi mizizi, wakajifuta midomo, wakaenda zao. Halafu kiangazi kizima watoto wa Bi Digidigi walikula kunde na chumvi. Leo kunde na chumvi, kesho kunde na chumvi! Mwaka uliopita kitindamimba wake alikataa kabisa kufungua kinywa. Akakonda, mbavu zikaonekana. Bi Digidigi alilia sana, akajiapiza kwamba jambo hilo halitatokea tena.

Basi alasiri moja Kiboko akachungulia juu ya ua. Kuchungulia kwenyewe kukauvunja ua, kraa! Mguu wake mmoja ukatua katikati ya nanaa.

"Shemeji!" akasema. "Naona majani yamekomaa. Kesho mimi na Nyati tunakuja kula."

"Karibuni, shemeji," akajibu Bi Digidigi. Angesema nini? Mwenye nguvu mpishe.

Asubuhi, umande ulipokauka na jua halijawa kali, Bi Digidigi akashika kisu. Chwa! chwa! chwa! Akakata bustani yote. Akafunga vitita vidogo vidogo, maana kitita kikubwa huoza katikati. Akavitundika sebuleni kwenye boriti, vichwa chini, mahali ambapo jua haliingii lakini upepo unapita.

"Mama, si tungeanika juani?" akauliza mtoto wake mkubwa. "Yangekauka upesi."

"Jua lina haraka, mwanangu. Litakausha, halafu litaondoka na harufu yote, tubaki na nyasi. Kivuli hakina haraka, wala hakiibi."

"Na Kiboko je?" akauliza kitindamimba. "Si atayaona humu ndani?"

Kweli, majani yangefichwa wapi na harufu ile? Bi Digidigi akainua macho. Vitita vilikuwa vimeanza kunyauka, vichwa vinaning'inia, hoi. Akavitazama, akavitazama, akacheka peke yake. Akatoa kaniki sandukuni, akajifunga. Akatandika mkeka.

"Haya, wanangu, lieni!"

"Tunamlilia nani, mama?"

"Nyie lieni kwanza!"

Puu! puu! puu! Kiboko na Nyati hao. Bustanini hakuna hata jani, na ndani ya nyumba vilio. Kiboko akaingiza kichwa mlangoni. Sehemu nyingine haikuingia.

"Kuna nini humu?"

"Uwii, shemeji! Hamkupata habari? Tumefiwa!" Bi Digidigi akaonyesha juu. "Kotmiri, Mrehani, Nanaa, wote kwa siku moja!"

Nyati akachungulia dirishani. "Kweli, lo! Jana walikuwa wima. Walikuwa wanaumwa?"

"Wapi! Nanaa alikanyagwa jana na mguu mzito. Wenzake wakashindwa kuishi bila yeye. Mguu ulikuwa wa nani, sisemi. Mimi si mtu wa kutaja majina ya watu."

Kiboko akameza mate, gudu! Akautazama mguu wake. Jani la nanaa lilikuwa bado limenasa kwenye ukucha. Pole pole akauficha mguu ule nyuma ya mwingine. Kisha, kabla hajaulizwa lolote, akaangua kilio.

"Woooi! Nanaa wangu jamani! Nani amekufanyia hivi!"

Kilio kile kilisikika mto mzima. Pundamilia wakaja mbio, twiga wakaja, wote wakamkuta Kiboko akijigaragaza mavumbini.

"Lakini si tulikuja kula?" Nyati akamnong'oneza.

"Huna haya? Utakula maiti?"

Na mila ni mila, watoto wangu. Matangani haendi mtu mikono mitupu. Kesho yake Kiboko akaleta gunia la kunde, Nyati akaleta maboga. Wakaketi nje, wakiongea kwa sauti ya chini kama inavyopasa. Nani angethubutu kugusa kitu nyumbani kwa wafiwa? Huku ndani upepo ukipita kwenye boriti, fyuu, fyuu, bila wasiwasi. Majani yakakauka taratibu mpaka ukiyagusa yanalia kwacha, na ukijani wake hayakuupoteza.

"Sasa tuzike," akasema Bi Digidigi. "Kwetu sisi marehemu wa namna hii huzikwa kwenye vibuyu."

"Mila za watu wadogo zina mambo!" akasema Nyati.

Bi Digidigi akayapukuta majani kutoka kwenye vijiti, akayatia katika vibuyu vikavu. "Shemeji, wewe una nguvu. Hebu kaza vizibo, hewa isiingie."

Kiboko akakaza, kwiiik! Akaziba kwa nta, machozi yakimtiririka. Nyati akavipandisha vibuyu darini, kwenye giza.

Kiangazi kikaingia. Mto ukapungua, nyasi zikawa kahawia, ikafika arobaini ya marehemu. Bi Digidigi akaalika wanyama wote, akapika kunde zile zile za Kiboko na maboga yale yale ya Nyati. Kisha akashusha kibuyu kimoja. Pwa! Harufu ikajaa jikoni kana kwamba masika yamerudi. Akasugua majani viganjani juu ya chungu.

Kitindamimba akasogea, pua juu. "Mama, nipe kidogo."

Akala. Akaomba tena. Bi Digidigi akageuka pembeni akajifuta macho, na machozi hayo, watoto, yalikuwa ya kweli.

Wageni wakaketi nje, mbele ya mlango. Kiboko akaletewa bakuli. Akanusa. Akanusa tena. Macho yakamtoka pima. Akatazama darini, akatazama bakuli, akamtazama Bi Digidigi.

"Bi Digidigi," akasema taratibu, "harufu hii mimi naijua."

Bi Digidigi akamtazama kwa uso mtulivu.

"Unaijua, shemeji? Hebu waambie wenzako ni ya nini. Waambie na siku ile ulikuwa unamlilia nani, na mguu ulikuwa wa nani."

Wanyama wote wakamgeukia Kiboko. Kiboko akafikiri. Aseme kwamba yeye, bwana mkubwa wa mto, alijigaragaza mavumbini kwa sababu ya majani ya mchuzi? Aseme kwamba vizibo alivikaza mwenyewe? Akavuta bakuli. Akala kidogo, akala sana, akalilamba mpaka likang'aa. Akashusha pumzi.

"Jamani," akasema, "marehemu walikuwa watamu!"

Masika yaliyofuata, Kiboko aliutengeneza ua ule kwa mikono yake. Kila alipopita hapo alipita kwa kunyata, jitu zima lile, asije akafiwa tena.

Nguvu hula ya leo ikaimaliza. Akili hula ya leo ikaweka na ya kesho.