Mgongo wa Marcelline

Adhabu ya kaburi, walisema wakubwa wetu, aijua maiti. Sisi tunaobaki juu na majembe yetu hatukosi maneno: marehemu angepita njia ile, angewahi hospitali, angemsikiliza fulani. Tukishanawa mikono, hao tunakwenda kula. Aliye ndani hajibu, nasi tunadhani kunyamaza kwake ni kukiri kosa. Théodore alikuwa mmoja wa wasemaji hao, tena bingwa wao, na hadithi hii ni ya siku aliyokosa la kusema.

Théodore na mkewe Marcelline walikuwa watu wa Goma, mji ulio chini ya mlima wa moto huko mashariki mwa Kongo. Mwaka huo wa 2018 walikuwa wakiishi Troyeville, Johannesburg, katika vyumba viwili vya uani. Mume alikuwa mlinzi, mke fundi cherehani aliyeshona mashati ya vitenge barazani. Kando ya cherehani alikuwa amepanga makopo matupu ya rangi, akayajaza udongo na kuotesha lengalenga. Wateja walimtania, "Mama Murielle, mboga hii imejaa sokoni, wewe wajisumbulia nini?" Alicheka tu. Hakuwaambia kwamba kila asubuhi akimwagilia makopo yale, machoni mwake alikuwa anaona bustani nyingine, yenye ua wa mawe meusi na marakuja, yale matunda ya pasheni, yanayotambaa juu yake. Ilikuwa bustani ya mama mkwe wake, Mama Jeanne. Aliitamani kama mgonjwa anavyotamani chakula cha kwao.

Bustani hiyo haikuwepo tena. Tarehe kumi na saba Januari, mwaka 2002, mlima ulipasuka na mto wa moto ukaingia mjini. Théodore alikuwa Bukavu kwa shughuli zake. Nyumbani alikuwepo Marcelline, binti yao Murielle, mchanga wa miezi minane, akiwa mgongoni, pamoja na Mama Jeanne ambaye miguu yake ilikuwa imevimba. Mama Jeanne aliketi kwenye kigoda katikati ya maharagwe yake, akakataa katakata kuondoka.

"Mlima huu ulitoka mwaka wa sabini na saba," alisema. "Nilikaa hapa hapa na moto haukufika. Nenda na mtoto, mimi nitachunga nyumba."

Ni kosa la mtu wa Goma tu: mlima ukimsamehe mara moja, anauhesabu kuwa jirani mwema. Marcelline alimvuta mkono, akalia, akapiga magoti. Hewa ilipoanza kuchoma na mtoto akaanza kukohoa, alisema, "Mama, kaa hapa hapa, usiondoke. Nitakurudia." Akakimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda. Aliporudi siku ya tatu alikuta mwamba mweusi unaofuka moshi, na kipande cha paa kikichungulia.

"Mimi ningembeba mgongoni." Hayo ndiyo maneno ya Théodore. Aliyasema msibani, akayasema katika kambi ya wakimbizi, akayabeba mpaka Afrika Kusini, na kila Januari aliyatoa upya. Marcelline alimjibu mara moja tu, mwaka ule wa kwanza: "Mgongo ulikuwa na mtoto." Théodore akasonya. Tangu hapo mwanamke hakujibu tena.

Sasa Jacques, mdogo wake Théodore aliyebaki Goma, alikuwa amepiga simu. Ukoo umekubaliana: Januari hii watakusanyika juu ya ule mwamba, wasimike msalaba na kumwombea Mama Jeanne mahali alipolala. Marcelline aliposikia habari hiyo, miguu yake iliacha kukanyaga cherehani. Kwenda pale! Kusimama pale pale palipokuwa na maharagwe, amwambie mama mkwe wake neno moja tu, kwamba alirudi. Kwa miaka kumi na sita hakutaka kitu kingine.

"Nitakwenda peke yangu," Théodore alisema. "Wewe utasimamaje mbele ya ndugu zangu?"

Marcelline aliinama, akaendelea kushona. Sindano ilikwenda upande, akaharibu kola nzima ya mteja.

Ikatokea Desemba hiyo Théodore akapangiwa kulinda jumba moja la maonyesho huko Newtown. Ndani yake walikuwa wamejenga mfano wa nyumba ya Warumi wa kale, iliyofukuliwa huko Pompei, Italia, mji uliofukiwa na mlima wa moto yapata miaka elfu mbili iliyopita. Palikuwa na kuta zilizochorwa ndege na matunda, bustani katikati, na nyuma ya bustani nakala za miili ya waliokufa. Wafanyakazi waliruhusiwa kuleta jamaa zao siku moja, na Théodore, aliyependa kuonekana mjuzi, aliwaleta mkewe na binti yake Jumamosi mchana.

Marcelline aliingia akajikuta kwenye bustani ile, akasahau kutembea. Murielle, sasa msichana wa miaka kumi na saba ambaye Kiswahili alikisikia vizuri lakini ulimi wake ulikuwa wa Kiingereza na Kizulu, alimsomea kibao.

"Mama, wanasema hivi: mizizi ilioza ndani ya majivu, ikabaki shimo. Wakamimina plasta kwa shimo, wakajua ulikuwa mti gani. Ndiyo wamepanda tena."

"Hata mboga walizijua?"

"Eish, Mama, hawajaandika."

"Kwa hiyo chini kule, bustani bado ina nafasi yake," Marcelline alisema taratibu, kama anayejisemea.

"Hapa ilikuwa majivu," Théodore alimkata. "Kwetu ilikuwa mwamba wa moto. Hakukubaki mzizi wala shina. Usijidanganye."

Maneno yalikuwa ya kweli, na yaliuma hivyo hivyo.

Katika bustani hiyo alikuwa ameketi bibi mmoja wa Soweto, au gogo kwa Kizulu, mkongwe, mwembamba, na fimbo yake mapajani. Wenzake wa kanisani walikuwa wamepanda ghorofani, magoti yake yakakataa ngazi. Théodore mwenyewe ndiye aliyemletea kiti chake cha ulinzi. "Kaa hapa hapa, Gogo, usiondoke," alimwambia. "Nitakurudia." Tusimnyime haki yake, Théodore hakuwa mtu mbaya.

Wakafika kwenye miili. Mmoja alikuwa amejikunja, mikono usoni. Mwingine alikuwa mwanamke, na chini ya kifua chake palikuwa na umbo dogo. Wageni walisogea karibu. Théodore akakohoa, akajitwika ualimu.

"Mlima unanguruma juu ya vichwa vyao, nao wamekaa. Wangekimbia! Mtu mwenye akili anamchukua mzee wake, anamchukua mtoto wake, anaondoka." Alisema hayo kwa Kiingereza cha wageni, kisha akamtupia mkewe jicho. Marcelline hakumtazama. Alikuwa akimtazama yule mwanamke wa plasta, hasa mgongo wake.

Mara umeme ukakatika. Jiji zima lilikuwa likikatiwa umeme kwa zamu siku hizo, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Jenereta ikanguruma nyuma ya ukuta. Lakini badala ya taa, kilichokuja ni moshi: ulitoka kwenye matundu ya hewa ya darini, mweusi, mzito, wenye harufu ya mafuta. King'ora kikalia. Mtu akapiga kelele, "Moto!" na ukumbi mzima ukageuka kuwa miguu.

Théodore alikuwa mlinzi. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni, kuwaongoza watu na kutoka wa mwisho. Lakini alimsikia Murielle akikohoa, na kikohozi kile kikamtoa akili. Alimshika binti yake mkono, akapiga watu vikumbo, akaruka ngazi za mlangoni, akakimbia hadi upande wa pili wa barabara, kwenye robot, yaani taa za barabarani, ndipo akasimama.

"Papa," Murielle alisema akihema, "Mama yuko wapi?"

Théodore aligeuka. Moshi ulikuwa unatoka mlangoni. Alifungua mdomo amwite mkewe, na kilichomjia kwanza ni kiti chake cha ulinzi na bibi aliyekaa juu yake. Nitakurudia. Alikuwa amesema nitakurudia! Alivuka barabara mbio hadi kwenye ngazi. Alitaka kuingia, na mwili haukutaka. Alisimama pale, mtu mzima mwenye sare, akilia kama mtoto.

Ndipo Marcelline akatoka. Alikuwa ameinama, akihesabu ngazi kwa mguu mmoja mmoja. Alikuwa amejifunga kitenge chake kifuani barabara, na mgongoni, ndani ya kitenge kile kama abebwavyo mtoto, alikuwa Gogo, fimbo ikiwa bado mkononi.

Aliketisha mzigo wake ukingoni mwa barabara, akamfuta masizi usoni kwa pindo la kitenge. Gogo alimshika shavu. "Ngiyabonga, mntanami," alishukuru, akimwita mwanangu.

Baadaye ilijulikana kwamba hapakuwa na moto wowote, ni moshi tu wa jenereta, na hakuna aliyeumia. Lakini Théodore hakuwa akisikiliza taarifa hizo. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mkewe.

"Nilimwambia nitamrudia," alisema. "Sikukusudia kumwacha. Murielle alikohoa, na mimi... mikono yangu ilikuwa na mtoto."

Marcelline alikuwa na miaka kumi na sita ya majibu kifuani. Angeweza kuyatoa yote pale barabarani, na nani angemlaumu? Lakini alimwangalia tu, akaanza kukifungua kitenge.

"Najua," alisema. "Leo mgongo wangu ulikuwa mtupu, Baba Murielle. Ni hivyo tu."

Théodore aliufunika uso wake kwa kofia ya sare.

Jioni hiyo, kabla hata ya kula, alimpigia Jacques simu, na hakwenda kujificha uani kama kawaida yake. Alikaa barazani karibu na makopo ya lengalenga, mahali mkewe angemsikia.

"Tunakuja wawili," alisema. Jacques akawa anasema kitu, tena kwa sauti ya juu. Théodore alimwacha amalize.

"Sikiliza, mdogo wangu. Msalaba atausimika yeye, na maneno ya kwanza atayasema yeye. Tumemsema miaka yote hii, mimi nikiwa wa kwanza, na siku ile mimi nilikuwa Bukavu, wewe ulikuwa Sake. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuona moto."

Marcelline alikuwa ameacha kushona. Alichuma mashuke makavu ya lengalenga kutoka kopo la mwisho, akayapukutisha taratibu kiganjani, mbegu nyeusi ndogo ndogo, akazifunga kwenye kipande cha kitenge. Mwamba haukubali mbegu, alilijua hilo. Angezipeleka hata hivyo.

Jacques bado alikuwa anabisha kwenye simu. "Basi, Jacques," Théodore alimwambia. "Basi. Tufunge midomo yetu. Adhabu ya kaburi aijua maiti."