Injini Iliyokufa na Njaa

Ndugu zangu, leo nimepanda hapa mimbarini nikiwa na hasira, na sitaificha. Kaeni vizuri niwasimulie habari ya mtu mmoja na gari lake.

Gari lenyewe lilikuwa la zamani, dogo, la miaka kumi na tisa. Mama yake mtu huyo alikuwa mgonjwa wa figo, na hospitali iko juu mlimani. Kila siku ya kliniki, wakifika kwenye kona ya kwanza gari lilikataa kupanda na mzigo. Mama mgonjwa alishuka, akapanda kwa miguu yake iliyovimba, na mwanawe akamsubiri juu. Mnaona aibu hiyo? Basi mwana akajikaza, akanunua injini kubwa, akampelekea fundi.

Fundi aliifunga ikakaa sawasawa. Lakini akamwambia, "Mzee, bado siku mbili. Kompyuta ya gari, hiki kisanduku kinachopimia injini mafuta, ni ya ile injini ndogo. Tubadilishe nozeli zinazonyunyizia injini mafuta, na hiki kisanduku tukiseti upya."

"Kisanduku hicho nimekaa nacho miaka yote hii. Hakijanisumbua hata siku moja."

"Hakikukusumbua kwa sababu hakijawahi kulisha injini hii. Kwenye tambarare utakwenda vizuri. Mlimani itadai mafuta mengi, nacho kitaipa kile kile kilichozoea kutoa."

"Fundi, nipe ufunguo. Kesho mama ana kliniki."

Akaondoka nalo. Na kwenye tambarare, kweli, lilikwenda vizuri sana, hata akapiga honi mbele ya nyumba za majirani. Asubuhi akampakia mama. Kona ya kwanza wakapita, mama akacheka kwa furaha. Ya pili wakapita. Kabla ya kona ya tatu injini ikaanza kugonga, ikachemka, moshi ukatoka, ikazima. Pistoni imetoboka. Mama akakaa juu ya jiwe kando ya barabara mpaka kliniki ikafungwa.

Na yule bwana alisema nini? Alipiga teke tairi akasema, "Nimeuziwa injini mbovu." Fundi alipofika akaikagua, akamtazama. "Injini ilikuwa nzima, mzee. Imekufa na njaa, na tangi lako limejaa."

Mnamcheka? Msimcheke. Mwaka jana sisi tulibomoa ukuta wa kanisa letu dogo, tukajenga hili kubwa. Tulikuwa mia mbili, tukaweka mabenchi ya watu mia sita. Tukapiga vigelegele. Nani kati yetu alikumbuka kubadilisha kile kipimo cha ndani, kinachoamua huyu apewe upendo kiasi gani na yule kiasi gani?

Jumapili iliyopita alikuja mama mmoja, mgeni, kutoka kule kwenye kambi ya wachuma chai. Alikaa benchi la tatu. Mmoja wetu akamwambia, "Hapo pana wenyewe." Akahamia la nne. Akaambiwa vile vile. Basi akaenda kusimama mlangoni, na kabla ya baraka alikuwa ameshaondoka. Pana wenyewe? Wenyewe akina nani? Hawa waliokaa hapo tangu kanisa likiwa dogo?

Na mimi nilimwona. Nilikuwa nimesimama papa hapa nahubiri upendo, nikamwona anahamishwa, nikaendelea kuhubiri. Hasira yangu inaanzia kwangu mwenyewe.

Kisha Jumanne tukakaa kikao, tukaulizana kwa nini mabenchi ya nyuma ni matupu. Mzee mmoja akasema, "Wageni wa siku hizi hawana imani, hawadumu." Tukatikisa vichwa kukubali. Tunapiga teke tairi! Watu wa Mungu ni wazima. Neema imejaa tele, Mungu hajapunguza hata tone. Sisi ndio kisanduku. Tunawapimia watu mia sita kwa kipimo cha wale mia mbili, halafu wakizimika mlimani, siku ya msiba, siku ya ugonjwa, tunasema walikuwa wabovu.

Jumatano nilikwenda kambini kumwomba radhi mama yule. Amekuja tena leo. Amesimama pale mlangoni, kwa sababu alishaambiwa kwamba hapa pana wenyewe.

Msigeuke kumtazama. Sogeeni. Mimi nimemaliza, na sitatoa baraka mpaka nione nafasi kwenye benchi la tatu.