Bi Kidawa na Mkunga Aliyetaka Bahari

Mmeketi?

— Tumeketi.

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo.

Basi hapo zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakisema na watu, palikuwa na mjane jina lake Kidawa. Mungu alimchukua mumewe, kisha akamchukua mtoto wake wa pekee. Kidawa akasema alhamdulillahi, akabaki na jembe lake na bwawa dogo kando ya mto.

Masika ya mwaka ule yakamletea mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Alikuwa mdogo, mwembamba kama uzi. Kidawa akamtia bwawani, akamlisha dagaa na nyungunyungu. Mkunga akakua, akanenepa. Kila asubuhi alitoa kichwa majini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kula."

Miaka ikapita. Siku moja Mkunga hakula. Tumbo lake lilikuwa limegeuka rangi ya fedha, na macho yamekuwa makubwa.

"Mama, nifungulie," akasema. "Sisi hatutagi mtoni. Tunataga bahari kuu, kule kwenye kina. Nisipofika, wanangu hawatazaliwa."

"Ukishataga utarudi?"

"Sirudi, mama. Tunataga mara moja, tunafia hukohuko."

Kidawa akajifuta uso. "Nimezika wawili, mwanangu. Wa tatu siwezi. Kula."

Kenge alikuwa akiota jua ng'ambo ya bwawa, akisikia yote.

"Bi Kidawa, huyo anataka mume tu," akasema. "Kuku wako si wanataga hapahapa uani?"

Kidawa akaona ni kweli. Akatega mgono, kikapu cha kuvulia, akapata mkunga dume, akamtia bwawani. Wale wawili wakatazamana kama wageni wasiojuana. Yai halikuonekana.

"Mama, nifungulie."

"Kula, mwanangu."

Mvua ikanyesha. Mkunga akapanda ukingo kwa tumbo, akateleza juu ya nyasi mbichi kuelekea mtoni. Kidawa akamkimbilia, akamrudisha.

"Inua ukingo," akasema Kenge.

Kidawa akauinua mpaka kifuani. Mkunga akawa anaugonga, akaugonga, hata pua ikachubuka.

"Mama, nifungulie."

"Kula, mwanangu."

Kenge akaja mara ya tatu. "Mtoto mtoro haachiwi maji mengi, Bi Kidawa. Yapunguze yafike kifundo cha mguu. Uone kama atakwenda popote."

Kidawa akachota maji kutwa nzima. Alipoweka ndoo chini apumzike, akasikia tope linarushwa. Kenge yumo bwawani, amemng'ata Mkunga mkiani.

"Kenge, unafanya nini?"

"Namshikilia asitoroke," akasema Kenge, mdomo umejaa.

Kidawa akampiga mgongoni kwa mpini wa jembe. Kenge akamwachia, akatoka anachechemea, na mpaka leo akiona mtu hukimbia.

Kidawa akapiga magoti topeni. Akamtazama Mkunga, mkia unatoka damu, pua imechubuka.

"Ya Rabi," akasema polepole. "Mkia kaung'ata Kenge. Pua nimeichubua mimi."

Akalowesha kanga yake. Akamfunga Mkunga humo, na yule dume pia, akawabeba mpaka mtoni. Mto ulikuwa umejaa, unakwenda mbio baharini.

"Umenilea, mama."

"Nimekulea. Nenda, mwanangu. Wanao wakikosa pa kufikia, hapa pana mtu."

Akaifungua kanga. Maji yakawapokea.

Kidawa akasimama pale mpaka alipoweza kutembea. Kisha akarudi, akalijaza bwawa, akafuga perege, maana hao hutaga hapohapo, hawana safari.

Na funzo ni hili, wapenzi wangu. Uliyepewa ni amana ya Mungu. Mpende, mlishe, na safari yake ikifika, mfungulie.

Hadithi yangu nimeitia mtoni.

— Na iende salama.